Kopo la Chumvi Chini ya Treni

Kijana wa kibanda cha kutengeneza simu pale sokoni Sumbawanga alichomeka chaja isiyo yenyewe, na harufu ikatoka. Moshi haukuwepo, ilikuwa harufu tu, ya plastiki inayoanza kulainika na waya unaopata joto ndani ya ngozi yake. Wengine wakiisikia wanachomoa waya, basi, yameisha. Mimi nilijikuta nimekalia ndoo ya muuza nyanya wa jirani.

"Bibi, vipi tena? Nikuletee maji?"

"Chomoa kwanza hicho."

Nilikuwa nimempelekea treni. Mwanangu alimnunulia mjukuu wangu treni ya mtumba kule Tunduma, ina reli zake za kuunganisha na injini nyekundu ya kukaa kiganjani, lakini kisanduku cha kuipa umeme hakikuwemo. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Basi mimi, niliyekwisha apa kwamba kitu cha namna ile sitakigusa tena maisha yangu, nikatoka na mfuko wa plastiki kwenda kuitafutia treni umeme.

Kijana alikuwa anachambua rundo la chaja kama mtu anayechagua maharage. "Hii ya kompyuta, kali mno. Hii ya redio, ndogo, haitasogea. Treni yako inataka volti kumi na mbili, bibi, tena umeme wa aina ya betri. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja utamuua mtoto."

"Na ukiupitisha kwanza kwenye maji ya chumvi?"

Alicheka, akaona sichekei, akaacha. "Nani alikudanganya? Chumvi inaupa umeme njia, bibi. Huo wa ukutani huwezi kuupoza kwa kopo la maji. Kuna mtu alitaka kukuua?"

"Mimi nilibaki," nikamwambia.

Nimebaki. Na kwa kuwa waliobaki wanaojua habari hii tunahesabika, acha niiandike, kwa mkono huu wa kushoto niliojifunza kuandikia ukubwani. Wa kulia mtaujua mbele.

Baba yangu alikuwa seremala wa misheni. Kabla ya hapo, ujanani, aliponda kokoto kwenye reli ya kwenda Zambia, na nadhani hakuna kitu alichokipenda maishani kama ile siku aliyoona treni inapita juu ya kokoto zake. Alituhadithia mpaka mama akawa anaimalizia yeye hadithi akiwa jikoni. Kwa hiyo padri mmoja mzee alipokuwa anarudi kwao na kugawa vitu vyake, wenzake baba wakagombea makoti na baiskeli, baba akaomba boksi la treni ya kuchezea iliyokuwa inaoza stoo. Kisanduku cha umeme panya walikuwa wamekitafuna mpaka chuma. Baba hakujali. Alilileta nyumbani akiwa amelikumbatia kama mtu aliyebeba kitoto kichanga.

Alitengeneza meza kubwa ikachukua nusu ya sebule. Juu yake akaweka udongo wa kichuguu, akafinyanga milima, akafanya shamba la matuta ya mviringo, intumba, vile vile tunavyolima huku, vituta vidogo kama vichwa vya vifaranga, na kila kimoja akakipanda punje za ulezi. Ulezi ukaota! Pembeni akasimamisha tanuru la udongo kama yale ya babu zetu ya kuyeyushia chuma. Reli ikazunguka vyote hivyo. Nikiinamisha shavu mezani nilikuwa naona Ufipa yote, na udongo ule mbichi ulinukia kama mvua ya kwanza.

Kilichobaki ni umeme. Alianza na betri za tochi. Kila betri kuukuu ya mtaani ilikuja kwetu, akazianika juani zipate nguvu, akazishindilia ndani ya mwanzi zikibusiana kichwa kwa kitako. Treni ikatetemeka, ikasogea mpaka kwenye tanuru, ikafa. Ndipo akaazima betri ya lori la misheni. Hiyo nayo ilikuwa kinyume: injini iliruka kama panzi ikaangukia matutani, ulezi ukavunjika.

Baba akakaa akawaza. Akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, akatia maji na chumvi ya mama, akaingiza misumari miwili, kila mmoja na waya wake, isigusane. Umeme wa betri ukawa unapita ndani ya yale maji. Misumari ikikaribiana treni inakimbia, ikiachana inatembea polepole kama mtu anayetoka misa. Kopo likakaa chini ya meza, karibu na mguu wake, akawa anaendesha kutoka huko.

Chumvi hiyo ilitoka bondeni. Mama ni mtu wa Milepa, na ndugu zake walikuwa wanamletea chumvi ya mawe, ya kijivujivu, mafungu kwa mafungu. Nyumbani kwetu jioni haikuisha bila mtu kusimama mlangoni na kibakuli. "Mama, naomba chumvi kidogo." Mama anachota, na umbea unaingia ndani na kibakuli, unatoka nacho.

Mimi nilielewa kwa akili yangu. Upande wa pili wa kijito walikuwa wamehamia watu wa ng'ombe, na nilikuwa nimeona ng'ombe wao wakilamba chumvi halafu wanarukaruka. Nikajua basi, na treni ni hivyo hivyo. Inalamba chumvi ya mama kwa kupitia waya, inapata nguvu. Betri sikuihesabu kabisa. Nilikuwa nikipita naitupia kipande cha chumvi ndani ya kopo, baba akishangaa mbona treni leo ina haraka.

Krismasi ilipokaribia, lori la misheni likaenda Mbeya na mahindi, na betri yake tumboni. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Msanzi, ndugu na watoto wao, na baba alikuwa ameshawatumia salamu kwamba kwake kuna treni. Hapo ndipo anapoingia Kastori.

Kastori ni mdogo wake baba, wa tumbo moja. Alikuwa mwendesha mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, na mashine ilikuwa na umeme wa mji. Sisi tulikuwa na kibatari. Alikuja na rafiki yake Tito, fundi redio, mtu wa viatu vyeupe. Wakaketi, mama akawapa pombe ya ulezi, nami nilikuwa chini ya meza nikiangalia kopo.

"Kaka," Kastori akasema, "watu watoke Msanzi kwa miguu, uje uwaonyeshe treni ya kusukuma kwa kidole? Si watatucheka mpaka Pasaka?"

"Lori likirudi nitaazima tena betri."

"Litarudi wakiwa wameshaondoka. Umeme huu hapa nyuma ya ukuta! Tunavuta waya dirishani, kwisha."

"Ule wa mashine ni mkali," baba akasema.

Tito akacheka. Niliona kiatu chake kikilisogeza kopo. "Mzee, umeme ni umeme. Wa betri, wa mashine, wote ni mmoja, tofauti ni makali. Na wewe kipunguzo unacho hapa. Ongeza chumvi tu, iwe nzito. Itapunguza."

"Una hakika?"

"Mimi nimesomea Mbeya, mzee. Niulize mambo ya redio, niulize mambo ya umeme."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Subirini betri," akasema. "Watoto watakaa karibu na hiyo meza. Treni si mkate, mtu hafi kwa kuikosa."

"Shemeji," Kastori akamgeukia, "huko kwenu bondeni umeme mmeuonea wapi? Si mnamulikwa na macho ya mamba?"

Wakacheka. Baba naye akacheka. Mimi nimewasamehe watu wengi mambo makubwa, ila kile kicheko cha baba, Mungu anisamehe, bado kimenikaa hapa. Maana kama asingecheka angefikiri. Alikuwa anachagua, nilimsikia kwa jinsi alivyokuwa anakuna kidevu, na kicheko ndicho kilichomchagulia.

Siku yenyewe mawingu yaliamka nayo. Wale mnaotujua mnajua mvua ya huku mwezi huo, radi inatembea juu ya milima kama mtu anayeburuta mabati. Mama alikuwa amenyunyiza maji sakafuni akafagia kwa ajili ya wageni, na udongo ulikuwa bado na ubaridi chini ya nyayo zangu. Sebule ilijaa. Kina mama walikuwa wameshafunika kioo na kuvua chochote chekundu, kama desturi mvua inapotisha. Kastori alivuta waya dirishani, akauunga kwenye kopo na kwenye reli, Tito akaongeza chumvi nyingi, kisha akaenda kwenye mashine kuwasha. Makubaliano ni kwamba asubiri baba apige mluzi.

Baba akaniambia, "Wewe una vidole vidogo, niwekee injini vizuri." Nikaegemeza kiganja juu ya reli zote mbili.

Mluzi haukupigwa. Tito hakusubiri.

Sikuweza kulia. Watu wanafikiri unapiga kelele. Hupigi, sauti inakamatwa na mkono. Nilimwona baba anainuka. Alizishika reli kwa mikono yake miwili, miguu mitupu kwenye sakafu mbichi, akazing'oa kutoka chini ya kiganja changu. Mimi nikaanguka. Yeye hakuziachia. Na wakati huo huo, kama vile imetumwa, radi ikapiga nje, nyumba nzima ikatikisika, watu wakapiga yowe, wakajitupa chini. Walipoinua vichwa baba alikuwa amelala juu ya shamba lake la ulezi, na ile harufu imejaa chumbani.

"Radi!" mtu akasema. "Radi imempiga!"

Mimi nilikuwa nimelala karibu na mlango, shavu sakafuni. Niliona nje, kwenye mvua, Kastori anakunja waya. Anaukunja kwenye kiwiko, haraka haraka, mzunguko juu ya mzunguko, kama mwanamke anayekunja kamba ya kufungia kuni. Sikujua ninachokiona. Nilidhani baba mdogo ana huruma, anaondoa waya usilowe.

Huku kwetu radi haiji yenyewe. Radi inatumwa, na anayetuma ana jina. Siku ya kumaliza matanga, watu wakiwa wamekaa kwenye sebule ile ile, Kastori akasimama na kopo mkononi. Lilikuwa limemwagika siku ile, limebaki na chumvi iliyoganda pembeni, misumari miwili iliyoota kutu na nyuzi za waya. Alilishika kwa kitambaa, kwa mbali.

"Ndugu zangu, hiki nimekikuta chini ya meza ya marehemu. Misumari. Chumvi. Nyuzi. Nani anisaidie, hiki ni nini?"

Watu wakasogea nyuma, wote, mabenchi yakalia.

"Na chumvi hii ni ya wapi?" akauliza. Kila mtu mle ndani alikuwa ameshaila.

Mama alikuwa amekaa mkekani na nguo nyeusi. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Kastori, hilo ni kopo la treni. Si ulikuwepo Tito alipotia chumvi? Kaka yako alilitengeneza mwenyewe la kupunguzia mwendo."

"Treni ina kopo? Nani hapa amewahi kuona treni ina kopo?"

Watu wakatazamana. Ukimtoa Tito, mtu pekee miongoni mwetu aliyewahi kuona treni ya kweli tulikuwa tumemzika.

Mama akageuka. "Tito. Waambie."

Tito alikuwa anakula ugali mlangoni, na viatu vyake vile vile. Alitafuna, akameza, akatazama nje. "Mimi ni fundi redio, mama. Mambo ya makopo siyajui."

Hivyo tu. Mnaoishi huku mnajua kilichofuata, sina haja ya kukisimulia chote. Mama aliteremka kwenda Milepa na kitenge kimoja, mawe yakimsindikiza mpaka njia panda. Mimi nilizuiwa, mtoto ni wa ukoo. Kastori alihamia nyumba ya baba, akachukua shamba la baba, meza akaipasua ikawa kuni. Shule nikatolewa, mkono wa kulia umekunjamana utashikaje kalamu. Kufagia unga kwenye mashine uliweza. Na mimi, na hili ndilo linalonichosha kuliko yote, niliamini. Si nilijua tangu zamani kwamba chumvi ya mama ndiyo inayoendesha treni? Kwa akili yangu ya kitoto ilikaa sawasawa kabisa: chumvi ilizidi, treni ikapata nguvu nyingi mno, ikamuua baba. Nilimlilia mama na kumwogopa kwa wakati mmoja, miaka hiyo yote ya kukua. Hilo ndilo waliloniibia. Nyumba na shamba ni udongo tu.

Nilipotoka pale sokoni na chaja ya volti kumi na mbili nilipita kwanza kwa Kastori. Siku hizi ni mzee wa kanisa, anakaa kwenye kiti barazani pa nyumba aliyoijenga baba yangu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea!"

Nikatoa kipande cha reli cha treni ya mjukuu, nikakunjua kiganja kwa mkono wa pili maana chenyewe hakikunjuki, nikakilaza pale. Nina makovu mawili, yamenyooka, yanakwenda sambamba kutoka chini ya vidole mpaka kwenye kifundo. Reli ilikaa juu yake kama imerudi kwake.

"Radi ilichora hivi?" nikamuuliza.

Alisogeza uso karibu na kiganja. Nilifikiri atanifukuza. "Tito alisema itapunguza," akasema.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Wangesema nimemuua kaka yangu."

"Ukaona heri wamseme mama."

Akapapasa fimbo yake. "Mambo ya zamani hayo, mama. Ingia, chai ipo."

Sikuingia. Kanisani bado anakaa benchi la mbele. Tito alikufa zamani na alizikwa kwa heshima zote, fundi wa watu.

Wiki ile ile niliteremka Milepa na mjukuu na boksi. Mama amezeeka, macho yamebaki kidogo sana, lakini anaishi mwenyewe, nyumba ya mwisho. Anapenda kusema tangu arudi pale hajawahi kusumbuliwa na mtu wa kuomba chumvi. Anasema hivyo kama mzaha. Habari ya radi ilifika kabla yake, na tangu hapo hakuna kibakuli kilichosimama mlangoni kwake, hata cha mtoto.

Nilimweleza yote, kijana wa simu, na Kastori alivyosema. Hakushtuka.

"Mimi nilijua, mwanangu. Nilisema. Ulikuwepo." Kisha akauliza, "Hivi ilikuwa inakwendaje? Baba yako akiiendesha mimi niko jikoni kila siku."

Nyumba yake haina umeme, chaja ikawa mzigo wa bure. Mjukuu akachukua betri za tochi dukani, tukazifunga kwa mpira wa baiskeli, tukapanga reli uani. Mama akasogeza kigoda, akainamisha kichwa kusikiliza. Treni ikaenda polepole, ikilia kama nyuki ndani ya kopo. Watoto wa jirani wakaona, wakaja mmoja mmoja, wakachuchumaa mpaka ua ukajaa. Sijawahi kuona ua wa mama umejaa. Nami nikaanza kufikiri mambo ya kijinga, kwamba pengine inatosha, pengine ndio basi imekwisha.

Dada mmoja kijana akaja kumfuata mwanawe. Alisimama kwenye wigo, kibakuli kitupu kikiwa mkononi, katoka nacho huko alikotoka. Mama akasikia nyayo, akauinua uso.

"Karibu, mwanangu. Chumvi unayo? Mimi ninayo hapa."

"Ipo, mama," yule dada akasema upesi. "Ipo nyingi tu." Akamshika mtoto mkono, na wale wengine wakainuka wakamfuata.

Treni ilikuwa bado inazunguka. Mama alisubiri mpaka nyayo zilipoisha.

"Zima hiyo," akamwambia mjukuu wangu. "Usimalize betri."